Tundu kwenye Tangi

Baba yangu, Vuai Mkadam, msasi wa Mtende,
ana gobori ambalo si lake.
Ni la kundi. Huzunguka nyumba kwa nyumba
kama sinia la harusi.
Mwezi huu liko kwetu, limeviringishwa kanga kuukuu ya bibi,
na karatasi yake iko kwa sheha.

Siku ya msako baruti hupimwa kwa kijiko cha chai.
Mbwa huvishwa njuga, nyavu hutandazwa maweni,
na kila mtu hutajiwa pahali pake.
Ami Pandu, anayechechemea, husimama kulia kwa baba.
"Anayehama bila kuita," husema baba, "si msasi, ni paa."
Wote hucheka, Pandu kidogo.

Mlio mmoja, kisha mbio na kisu,
bismillahi iiwahi roho.
Nguruwe hatumli. Tunamuua kwa ajili ya muhogo,
na hata yeye baba humtazama kwanza,
kimya, kama mtu aliyefungua barua isiyo yake.

Mimi nafua na kupiga deki kwa Bwana Idarusi,
ng'ambo ya kichaka, upande wa pwani.
Ukuta wake umepandwa chupa zilizovunjwa.
Taa yake huwaka paka akipita.
Bastola yake ni yake peke yake.
Niliikuta chini ya mto nikitandika,
ndogo, imetulia kama kenge aliyeshiba.
Sikuigusa. Nilinyoosha shuka kuizunguka,
kama unavyomtandikia mgonjwa asiyeinuka.

Nilimcheka moyoni,
mpaka siku alipokunja mikono ya kanzu kupara samaki
nikaona makovu ya kamba, vifundo vyote viwili.
Walimfunga Mjini, yeye na mkewe,
wakauliza dhahabu iko wapi hadi alfajiri.
Mkewe yuko Maskati, harudi.
Yeye tangu hapo anasikiliza.
Mnyama wake hana kwato wala kinyesi,
hana mwezi wa kuzaa ukampumzisha.

Usiku wa kuamkia Alhamisi
nguruwe alipigwa mkuki shambani kwa Mwanakheri
akakimbia nao.
Aliyejeruhiwa hufuatwa. Baba akamfuata,
tochi imekufa, akiipapasa damu kwenye majani,
mpaka pale ukuta ulipobomolewa na mvua.

Nililala kwa Bwana Idarusi siku ile, kulikuwa na wageni.
Nikasikia majani. Nikasikia komeo.
Kisha kikohozi, kikavu, mara mbili, cha tumbaku,
nikakijua kabla sijajua kuwa nimekijua.
"Bwana, huyo ni ba—"

Zikatoka tatu.

Halafu maji.

Taa zilipowaka, tangi lilikuwa linamwaga mchangani
na chini yake baba, amerowa, amechuchumaa,
kiganja juu ya nguruwe aliyekwisha kufa.
Risasi mbili hatujaziona mpaka leo.

Bwana Idarusi alitetemeka hata funguo zikalia mfukoni.
Baba akamuuliza kwa sauti ya maweni, ya chini:
"Ulimwona nani?"
"Nilisikia."
"Naam. Lakini ulimwona nani?"

Asubuhi alirudi na nta ya nyuki, akaziba tundu.
Pesa hakutaka. Chai alikunywa, vikombe viwili.

Njiani nikamwambia: wewe usingefyatua.
Akanyamaza hadi tukaupita mnara wa simu.
"Nyonga ya ami yako," akasema,
"unadhani inamuuma kwa baridi?"

Nta inavuja jua likiwa kali.
Bastola iko palepale, naizungushia shuka.
Na baba, akipita usiku kando ya ukuta ule,
husimama, hupaza sauti:
"Vuai Mkadam, napita!"
Siku nyingine hujibiwa.